Punguza makorokoro ndani kabla korosho hazijaanza kuingia

Kama uko Mtwara au Lindi na nyumba imekujaa makorokoro, usisubiri mwaka mpya, wala usisubiri Ramadhani ikaribie ndo uanze kusukuma makabati huku umefunga. Fanya mwisho wa Agosti kuingia Septemba. Kupulizia mikorosho kumeisha au kunaelekea kuisha, mvua bado ziko mbali, jua lipo la kutosha, ukitoa vitu uwani kutwa nzima hakuna wingu la kukukimbiza. Oktoba minada ya korosho inaanza, hela inaingia, na hela ikishaingia kinachofuata tunakijua wote, sabufa mpya, kitanda kipya, seti ya vyombo, na vile vya zamani havijatoka. Tena ndo kipindi gunia zinalala ndani zikisubiri kupelekwa chama cha msingi cha ushirika, sa zitalala wapi kama chumba kimejaa?

Afu tuwekane sawa, nyumba zetu hazijai kwa sababu ya uchafu. Mama anafagia alfajiri, anadeki, uwani kumepigwa ufagio mpaka unaona mistari kwenye mchanga. Zinajaa kwa sababu hela ya kusini inakuja mara moja kwa mwaka na inanunua vingi kwa mpigo, na pia kwa sababu nusu ya vilivyomo ndani sio vya wenye nyumba. Kuna begi la shemeji aliyeenda Dar kutafuta maisha, kitanda cha dada aliyerudi nyumbani akaolewa tena akakiacha, baiskeli ya marehemu babu, masufuria ya kikundi cha kina mama. Yale mafundisho ya kupanga nyumba kwa kushika kitu kimoja kimoja ujiulize kama unakipenda hayana nguvu sana huku, utakipenda vipi kitu cha watu? Mimi naanzaga na swali jingine kabisa: hiki cha nani?

Ukishajua cha nani, kazi nusu imeisha, mana kinachokwamisha nyumba nyingi ni kuogopana. Mke anaogopa kutoa baiskeli ya baba mkwe, mume anaogopa kugusa begi la ndugu wa mkewe, watoto wanaruka tu juu ya vitu.

Anza na simu, ufagio baadae

Wiki moja kabla ya kugusa chochote piga simu. Mpigie yule wa Dar, mpigie wa Masasi, mwambie kwa upole kabisa, "shemeji begi lako lipo, tunapanga nyumba, nikutumie kwa basi au tugawe nguo zilizomo?" Mpe na siku, sio umwachie hewani. Watu wengi hata hawakumbuki kilichomo ndani ya begi, utasikia "aah, gaweni tu". Mwingine atasema anakuja kuchukua sikukuu, sawa, andika jina lake na tarehe kwenye kipande cha boksi ubandike juu ya begi, sikukuu ikipita hajaja mnaongea upya na maandishi yapo. Usitoe kitu cha mtu bila kumwambia, hata kama ni ndala. Kuna ugomvi wa kifamilia huku umeanza kwa sababu ya kinu, na kinu chenyewe kilikuwa kimepasuka.

Kwa wazee ndani ya nyumba ni utaratibu mwingine. Bibi ana lile sanduku lake la bati lililopakwa rangi ya kijani, lina kufuli, liko kwenye kona tangu haujaolewa pale. Usimwambie "bibi tunatupa haya", hata kwa utani. Kaa nae kwenye mkeka asubuhi akishakunywa chai.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu."

"Bibi tunatoa vitu juani, panya wameanza kutoboa. Na sanduku lako tulitoe tulipunge upepo?"

"Litoeni, ila nifungue mwenyewe."

Hapo umemaliza. Atafungua mwenyewe, atatoa kanga moja moja, atakwambia hii alipewa kwenye harusi ya nani, hii ya msiba wa nani, na wewe sikiliza, hayo masaa mawili hayapotei. Ikifika kanga iliyoliwa na mende atasema mwenyewe, "hii ifanyeni tambara la jikoni". Ungesema wewe ingekuwa matusi. Na kama hataki kutoa hata uzi basi usilazimishe, lisafishe sanduku nje, liinue juu ya matofali mawili unyevu usilipate kwa chini, lirudishe mahali pake. Kona moja ya bibi haijawahi kuifanya nyumba ikose amani.

Turubai la korosho ndo meza yako

Chukua lile turubai la kuanikia korosho, litandike uwani. Kila kitu cha chumba unachofanya siku hiyo kinatoka nje kikae juu ya turubai, chumba kibaki kitupu kabisa, ufagie mpaka kwenye kenchi, mana kule juu ndo watu wanachomeka mikeka ya zamani, nyavu, mabua na vifimbo visivyojulikana vya kazi gani. Chumba kimoja kwa siku inatosha. Ukisema ufanye nyumba nzima Jumamosi moja, saa kumi na moja jioni utakuwa umezungukwa na vitu, watoto wanataka kula, na kila kitu kitarudi ndani kwa kusukumiwa.

Juu ya turubai gawanya mafungu. Fungu la kwanza, vyetu na tunavitumia. La pili ni vya watu, vinasubiri majibu ya simu. La tatu ni vya shughuli, yani vile vinavyotoka kwenye unyago, jando, harusi, maulidi, msiba. La nne vibovu. Hakuna fungu la "tutaona". Fungu la tutaona ndo lilikufikisha hapo.

Lile fungu la vibovu lina kanuni yake. Kitu kibovu kinachotengenezeka kinaondoka siku ileile kwenda kwa fundi, hakirudi ndani. Jagi la umeme, feni, pasi, jiko la gesi lililoziba, panda nacho bodaboda ukipeleke. Fundi akikwambia spea mpaka iagizwe Dar, muulize bei hapohapo na uamue hapohapo. Kama huna hela ya spea na hutegemei kuwa nayo msimu huu, muuzie fundi mwenyewe kwa spea, wanachukuaga. Na friji bovu lililogeuzwa kabati la vyombo, aisee, hili nimeliona nyumba nyingi mno, limekaa sebuleni linameza nafasi ya kiti kizima na mlango haufungi, ndani kuna vikombe na mende. Friji ni la baridi, likifa limekufa, liuze.

Stoo ya shambani, hapa twende polepole

Chumba cha vifaa vya shamba ndo kianze kabla ya vingine vyote, na hapa sizungumzii urembo wa nyumba tena. Nyumba nyingi za wakulima salfa inakaa ndani, uvunguni au kwenye korido, pembeni ya gunia la mahindi. Ile dawa ya unga tunaipulizia kuzuia ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, kwenye maua na majani machanga ya mikorosho, ikawa kitu cha kawaida machoni, watoto wanakalia mfuko wake. Lakini vumbi la salfa linawasha macho, linakera kifua, hasa kwa mtoto au mtu mwenye pumu, na pia linashika moto. Ukiwa na mfuko uliopasuka kwenye chumba kimoja na jiko la mkaa hapo unacheza na moto kweli.

Mfuko uliobaki na dawa uufunge vizuri, uuingize kwenye mfuko mwingine mzima, uukalishe juu ya mbao sehemu kavu nje ya vyumba vya kulala, mbali na chakula, mbali na jiko, na mlango uwe na kufuli. Dawa ya maji ibaki kwenye chupa yake yenye lebo. Usihamishie kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa hata kidogo, hata kwa siku moja, mtoto akiona chupa ya soda ataona soda. Kama lebo imetoka na hamkumbuki ni dawa gani, au muda wake umepita, usiimwage chooni wala mtoni wala kwenye mashimo ya karibu na kisima, muulize afisa ugani wa kata au duka la pembejeo mliponunua waelekeze.

Chupa tupu nazo. Tumezoea chupa ya dawa ikiisha inaoshwa inawekwa mafuta ya taa au inapelekwa kisimani. Acha kabisa. Chupa ya dawa inasuuzwa mara tatu palepale shambani dawa inapoisha, maji ya kusuuzia yanarudi kwenye bomba la kupulizia yanaishia kwenye mikorosho, afu chupa inatobolewa ili isije ikageuka galoni la mtu. Zile zilizojazana kwenye stoo kutoka misimu ya nyuma zikusanye kwenye gunia moja, vaa glovu au mifuko mikononi, fanya kazi nje kwenye upepo, watoto wawe mbali, na usizichome. Moshi wake ni sumu nyingine.

Mashine ya kupulizia mwaga petroli iliyobaki kwenye tenki kabla hujaiweka, ifute, ifunike na gunia. Petroli ikikaa miezi mpaka msimu ujao inaharibu kabureta, na nyumba nzima inanuka. Gunia za zamani zikung'ute nje, zianike, zilizotobolewa na panya zitumie kufutia miguu au tandika chini ya matofali, zilizo nzima zikunje zining'inize kwenye kamba au juu ya mbao. Gunia likilala sakafuni ni kitanda cha panya.

Kabati la vyombo na mambo ya sare

Sebule ya huku bila kabati la vioo haijakamilika, na mimi sipingi, vyombo vya wageni ni heshima ya nyumba. Tatizo ni pale kabati limejaa mpaka hotpoti ziko juu ya kabati, ndani ya maboksi, na maboksi mengine uvunguni, na mgeni akija bado anapewa maji kwenye kikombe cha plastiki. Fungua. Hesabu watu mnaoweza kuwakaribisha sebuleni kwa mara moja bila kuazima viti, sahani na vikombe vya idadi hiyo na akiba kidogo vikae kwenye kabati, na vitumike, Ijumaa wakija wageni watolee vile vya maua, vinatunziwa nani? Maboksi tupu yatoke yote, boksi likikaa karibu na ukuta mchwa wanapanda nalo mpaka kwenye kabati lenyewe.

Vilivyozidi hapo ni vya shughuli. Na vya shughuli jamani kila nyumba inanunua masufuria makubwa, mabeseni, majagi, kwa ajili ya siku mbili kwa mwaka. Kama uko kwenye kikundi cha kina mama, pendekezeni vikae nyumba moja yenye nafasi au kwa zamu, kuwe na daftari, kila sufuria lina alama ya rangi chini, aliyechukua anaandika na aliyerudisha anaandika. Vikundi vingine vinakodisha na hela inaingia kwenye mfuko wa kikundi. Nyumba zingine zote zinapata nafasi na hakuna aliyekosa sufuria siku ya shughuli.

Sasa sare. Unyago wa mtoto wa jirani sare, harusi sare, kumtoa mwali sare, kitchen party mjini sare, na ukishaivaa mbele ya watu wale huivai tena mbele yao. Begi zima la vitenge vilivyovaliwa mara moja. Kata shauri kwa gauni lililoshonwa, mana kitenge ambacho hakijashonwa ni akiba na kanga doti nzima ni akiba zaidi, inaenda kwa mzazi, inaenda kwenye msiba, inabeba mtoto, hiyo usiitoe. Lakini gauni la sare ambalo limekubana na mkono wake wa mapuff ya mwaka ule, hilo mpe fundi afanye foronya za mito, magauni ya watoto, au mkoba wa sokoni. Gharama ya fundi ni ndogo kuliko ya kununua foronya mpya. Usipeleke kwa ndugu wa kijijini Tandahimba huko nguo zilizochanika ukasema ni msaada, wao sio jalala, peleka nzima na zilizofuliwa.

Zinazobaki zifue, zianike juani mpaka zikauke kabisa, zikunje kwa doti, kanga na kanga, kitenge na kitenge. Pwani unyevu haututoki, nguo ikiingia kabatini na ubaridi kidogo tu baada ya wiki chache ina vidoa vya kuvu na ile harufu. Kwa wenzetu wa Mikindani kwenye zile nyumba za zamani za mawe ya matumbawe ndo zaidi, ukuta wenyewe unavuta maji, kwaiyo kabati lisiegemezwe ukutani, acha upana wa kiganja lipumue. Majani ya mwarobaini yaliyokaushwa, weka kwenye kitambaa katikati ya nguo, wadudu hawapendi.

Na ile mifuko nyuma ya mlango wa jikoni, mfuko umejaa mifuko. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku toka tarehe 1 Juni 2019, tukahamia kwenye hii ya kitambaa na sasa hii nayo ndo imejazana. Bakisha ya kutosha kwenda sokoni, mingine mpelekee mama muuza mboga, atashukuru.

Karatasi

Hapa usikimbie. Katika vitu vyote vinavyogombanisha watu ndani ya nyumba karatasi ndo namba moja, mana inatafutwa wakati wa dharura, usiku mtoto ana homa kadi ya kliniki haionekani, au mwanao anatakiwa cheti cha kuzaliwa shuleni kesho yake na baba anasema kipo kwa mama na mama anasema alimpa baba.

Kusanya karatasi zote kutoka kila mahali, chini ya godoro, kwenye begi, ndani ya Msahafu au Biblia, juu ya kabati, kwenye mfuko wa koti. Tafuta kontena moja la plastiki lenye mfuniko unaobana. Ndani yake zikae hati au barua ya toleo ya kiwanja na makubaliano ya kununua shamba, vyeti vya kuzaliwa na vya shule, vyeti vya ndoa na talaka, vyeti vya vifo, kadi za NIDA za ambao hawatembei nazo, kadi ya pikipiki, kadi za kliniki, mikataba ya pango. Korosho zinauzwa kwa stakabadhi ghalani, yani mzigo unapelekwa ghalani, unapewa karatasi, afu unauzwa mnadani, na malipo yanapitia benki, kwaiyo karatasi zako za chama cha msingi, kilo ulizopeleka na tarehe, zitunze msimu mzima mpaka hela yote imeingia na umehakiki, na mimi nashauri utunze hata na za msimu uliopita kwa ajili ya ubishi wowote. Kila kundi liwe kwenye bahasha yake umeandika juu kwa kalamu nene.

Vikaratasi vya tokeni za LUKU ulizoshaingiza, vocha zilizokwanguliwa, kadi za mchango wa harusi za watu walioshazaa watoto watatu, kalenda za zamani, hizo toa. Afu piga picha hati muhimu kwa simu, mtumie mtu mmoja unaemuamini nje ya nyumba. Kontena likae juu, sio sakafuni, na kila mtu mzima ndani ya nyumba ajue lilipo. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita mvua zilinyesha mpaka barabara ya Lindi kwenda Dar ikakatika, maji yakiingia ndani usiku unatakiwa unyanyue kontena moja na watoto, hakuna muda wa kuanza kupekua magodoro.

Umeme, betri na simu zilizokufa

Hii fupi. TV ya chogo isiyowaka, sabufa isiyotoa sauti upande mmoja, redio ya kaseti, vyote kwa fundi au viuzwe. Chaja zijaribu moja moja kwenye soketi, isiyochaji itoke, zinazochaji zifunge kwa mpira zikae droo moja. Simu yenye betri iliyovimba usiibonyeze wala usiitoboe na usiiache juani au karibu na jiko, inaweza kulipuka moto. Betri za sola na za gari zilizochoka zina madini ya risasi na asidi, usizivunje nyumbani upate risasi ya kuuza au ya nyavu, uza zikiwa nzima kwa wanaonunua, na watoto wasizichezee.

Wauza vyuma chakavu wanapita mitaani Chikongola, Magomeni, Mitandi kule Lindi, kila mahali wanapita, ila simamia mwenyewe upimaji. Na waambie watoto wasiuze kitu bila ruhusa, ukiwaachia utakuta sufuria lako la wali limeenda kwa hela ya karanga.

Uwani na nyuma ya nyumba

Watu wanasafisha ndani wanahamishia nyuma ya nyumba, wanaona wamemaliza. Nyuma kuna rundo la mbao zilizobaki kwenye ujenzi, mabati yenye kutu, matofali, matairi, ndoo zilizopasuka, na vifuu. Vaa viatu vya kufunika au gambuti, tumia fimbo au reki kuinua, fanya asubuhi kukiwa na mwanga mzuri, usiingize mkono usipopaona. Nge wanapenda chini ya tofali, na nyoka anafuata panya aliyefuata takataka zako.

Kifuu, kopo na tairi vikinyeshewa mvua vinashika maji, na mbu hahitaji maji mengi, kikombe kinamtosha, kwenye joto letu hili toka yai mpaka mbu anaruka ni kama wiki moja na kidogo. Yule mbu wa dengi mwenye madoa meupe miguuni anapenda sana vyombo vya namna hii, na anauma mchana, chandarua chako hakimhusu. Ndo mana nasema kabla ya mvua. Vifuu vikaushe uwashie moto, vinawaka vizuri kuliko kuni nyingi. Tairi ambalo hulitoi toboa matundu chini lisishike maji. Mapipa na madumu ya kukinga mvua yafunikwe.

Mbao na mabati unayotegemea kujengea yapange juu ya mawe, yasiguse udongo wala ukuta wa nyumba, mchwa wa huku hawana utani. Na jiulize kwa ukweli kama ile banda unayosema utaijenga utaijenga kabla ya mvua mbili kupita. Kama hapana, jirani anayejenga sasa hivi atanunua.

Plastiki usichome. Najua wengi tunachimba shimo tunachoma jioni, moshi unaingia kwa jirani ambaye ameanua nguo na ana mtoto mchanga, na hapo ndo maneno ya ukutani yanaanza. Chupa za maji wape wauza mafuta, wauza juisi na wanaookota kuuza, taka zingine ziende kwenye gari la taka au ghuba la mtaa. Majani na maganda yafukie kwenye shina la mgomba.

Hela ya korosho ikiingia

Hapa ndo nyumba inakoharibikiwa tena, kwaiyo kaeni mapema, kabla ya mnada wa kwanza, wote, hata watoto wakubwa. Kila anayetaka kitu aseme na aseme kitakaa wapi. Baba anataka sabufa kubwa, sawa baba, ya zamani inaenda wapi? Iandikwe. Kitanda kipya kinaingia siku ambayo cha zamani kimeshapata mtu wa kukichukua. Mama akitaka seti ya hotpoti, zile zilizovunjika mifuniko zinatoka. Ni rahisi kukubaliana Septemba wakati hela hakuna kuliko Novemba mtu yuko dukani na kirikuu inasubiri nje.

Gunia za korosho nazo ziwe na chumba chake au kona yake iliyoachwa wazi, chini kuna mbao au matofali, hewa inapita, mbali na zile dawa tulizozifungia. Zikilowa kwa ajili ya kulala chini au zikachanganyika na vumbi la salfa daraja linashuka, na daraja likishuka hela inashuka, kwaiyo hata yule mzee mbishi wa nyumba hii hoja ataielewa.

Na wewe uliepanga chumba kimoja mjini, Shangani au Ligula, ambae haya mambo ya stoo na uwani hayakuhusu sana: inua kitanda juu ya matofali manne, nunua mabegi mawili bapa ya kuingia uvunguni, moja la nguo za nje ya msimu, moja la mashuka na vyandarua, misumari ya kuning'iniza iwe nyuma ya mlango tu na kuta zingine zibaki, jiko na mtungi wa gesi vikae karibu na dirisha, na mtu akikuomba umhifadhie begi lake "kwa siku mbili tatu", muulize anarudi basi la siku gani.